Kibali cha Kulowa

Kosa langu la kwanza katika nchi ya Wastani lilikuwa kufika nikiwa nimelowa.

Namna nilivyofika huko sitaieleza, maana hata mimi sikuifuatilia vizuri. Tangu mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliopita nilikuwa mtu wa kutembea bila kuangalia ninakokwenda. Nitaanzia mpakani. Mvua ilikuwa inanyesha ya kujaza viatu. Ofisa wa mpaka alikuwa amesimama katikati ya mvua hiyo hiyo, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia hadi shingoni. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasikitika.

"Mzee wangu, umelowa."

"Ndiyo, mwanangu. Mvua hii."

"Mvua ipi?"

Nikamwonyesha juu kwa kidole. Hakuangalia. Alitoa mfukoni kitabu kidogo cha jalada la buluu, akapekua kurasa zilizogandana kwa maji, akasoma kwa sauti: "Tarehe kumi na moja, mwezi wa saba. Siku kavu. Upepo wa mashariki. Joto, nyuzi ishirini na tatu." Akakifunga. "Kulowa siku kavu ni kosa. Lakini wewe ni mgeni, hatuwezi kukuonea. Nitakuandikia kibali."

"Na wewe mbona umelowa?"

"Mimi natoka jasho," alisema, bila kucheka.

Kibali chenyewe ninacho mpaka leo. Kimeandikwa hivi: Mwenye karatasi hii anaruhusiwa kulowa mahali popote kwa siku saba, bila kuulizwa sababu. Chini yake kuna mhuri, na wino wa mhuri umetiririka kwa ile mvua ambayo haikuwepo.

Alipopekua mfuko wangu alikuta vitu viwili: daftari kubwa la mistari na kopo la maziwa ya unga lililokwanguliwa rangi. Alipoliona kopo alivua kofia. Akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaligeuza mdomo ukatazama chini, akalirudisha mfukoni taratibu.

"Hivi ndivyo linavyokaa," alininong'oneza. "Na daftari pia! Kumbe wewe ni mwalimu. Nenda kwa Mwalimu Vuli, nyumba ya tatu baada ya shule. Atakupokea."

Mimi si mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa fundi wa madawati. Mwalimu alikuwa mke wangu, Tusekile. Alifundisha darasa la tano na la sita kwa miaka ishirini na sita, na somo alilolipenda kuliko yote ni hali ya hewa. Kopo lilikuwa lake. Alikuwa akiliweka kwenye kigingi uwanjani, mbali na miti na mapaa, na kila siku saa tatu asubuhi alitoka na wanafunzi na rula ya milimita. Walizamisha rula, wakasoma kina cha maji, wakaandika kwenye daftari, wakamwaga.

Wakati wa kiangazi watoto walichoka. Walimwambia, "Mwalimu, huu ni mwezi wa pili mfululizo kopo ni kavu, tuandike nini?" Naye aliwaambia, "Andikeni sifuri. Sifuri maana yake uliangalia. Mstari mtupu maana yake hukuangalia."

Daftari linaishia tarehe kumi na saba ya mwezi wa kumi na moja, milimita nne. Siku hiyo tulimpeleka hospitali. Alikuwa amekwisha kupiga mistari na kuandika tarehe hadi thelathini, kama ilivyokuwa kawaida yake. Baada ya mazishi nililitoa kopo kwenye kigingi, nikaliweka pamoja na daftari kwenye mfuko, na kwa miezi minane nilikuwa nimeubeba mfuko ule bila kuufungua.

Sasa nirudi Wastani.

Njiani kuelekea kwa Mwalimu Vuli niliona mambo ambayo wenyeji hawakuyashangaa. Wanawake walikuwa wakianika nguo kwenye mvua, kwa sababu ilikuwa siku ya kuanika. Mama mmoja alikuwa akikaanga mandazi nje, na kila tone lililoingia kwenye karai lilirusha mafuta. Nilimwambia atahadhari. Akasema, "Mafuta ya siku hizi yana kelele sana, sijui wanayachanganya na nini." Mtoni palikuwa na nguzo mbili bila daraja. Niliuliza daraja lilikwenda wapi. Nikaambiwa kwamba mwaka juzi lilihama.

"Halikuchukuliwa na mafuriko?"

"Katika Kitabu hakuna siku ya mafuriko, mzee. Lilihama lenyewe."

Mwalimu Vuli alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuangalia nyuma kabla ya kusema. Alinipa uji wa moto na taulo, kisha akalirudisha taulo kabatini haraka kabla jirani hajaliona. Juu ya kabati palikuwa na kopo, mdomo chini. Baadaye niliyaona makopo kama hayo katika kila nyumba niliyoingia, yote yakiwa yameinamishwa na kufunikwa vitambaa vya kudariziwa.

Ndiye aliyenieleza asili ya Kitabu. Zamani, alisema, nchi yao ilikuwa na mwalimu aliyeitwa Bi Rasharasha. Alipima mvua, joto na upepo kila siku kwa miaka thelathini bila kukosa. Miaka hiyo ilipotimia alijumlisha kila tarehe, akagawa kwa thelathini, akapata wastani wa kila siku ya mwaka. Alikuwa bado anapima alipofariki. Nchi nzima ililia. Watu wakainamisha makopo, kwa kumbukumbu ya lake la kupimia mvua, wakafunga madirisha siku arobaini, ili asiwepo wa kuiangalia mbingu kabla msiba haujaisha. Siku ya arobaini na moja ilipofika, kila mtu alisubiri mwenzake aanze kufungua. Hakuna aliyeanza, maana wa kwanza angeonekana hakumpenda. Mwaka ulipoisha likawa desturi, na Baraza likaifanya sheria. Ule wastani ukapigwa chapa, ukaitwa Kitabu, na kilichoandikwa humo ndicho kinachotokea.

"Na kisipotokea?"

"Kinatokea," alisema Mwalimu Vuli, akaangalia nyuma.

Nilimwelewa kuliko nilivyopenda.

Hata majina ya watu yalitoka kwenye Kitabu. Mtoto aliitwa kwa hali ya hewa iliyoandikwa siku aliyozaliwa, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za Kiangazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Mwalimu Vuli darasa la sita. Alizaliwa siku ambayo mkunga alivuka mto kwa kuogelea.

Asubuhi ya siku ile niliyofika, darasa la sita walikuwa wamefanya mtihani wa kumaliza somo la hali ya hewa. Mtihani ule hufanywa madirisha yakiwa yamepigwa misumari, kwa sababu kuangalia nje wakati wa mtihani wa hali ya hewa ni kuiba majibu. Juu ya dari huwekwa maranda ya mbao unene wa dhiraa moja, ili bati lisiwanong'oneze watoto. Swali la mwisho huwa lile lile kila mwaka: Sasa hivi, nje, hali ya hewa ikoje?

Jibu sahihi lilikuwa: Ni siku kavu, upepo unatoka mashariki.

Kiangazi aliandika: Mvua inanyesha, na imeanza tangu swali la tatu.

"Ameshtakiwa kuiba," alisema Mwalimu Vuli. "Keshokutwa ni Baraza. Akipatikana na hatia watamfuta. Si kumfelisha, Baba, kumfuta. Rejista zote zitaandikwa upya kana kwamba hakuwahi kusoma shule. Hatakwenda sekondari, wala hataruhusiwa kusema kwamba anajua kusoma."

"Na aliiba?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni muda wote. Hakuinua hata kichwa. Lakini nitamteteaje? Ili nimtetee lazima niseme mvua ilinyesha. Nikisema ilinyesha wataniuliza nilijuaje." Akaukodolea macho uji wangu. "Raia hawezi kutoa ushahidi wa mvua ya siku kavu, maana anakiri kwamba ilimlowesha. Mwenye kibali cha kulowa katika nchi hii ni wewe peke yako."

Nilimwambia kwamba mimi si msemaji, na kwamba sikuwa nimesema mbele ya watu tangu siku ya kushukuru waliokuja kunifariji. Hakunibembeleza. Alichukua bakuli, akaenda kuliosha.

Kesho yake nilikwenda shuleni kuona wanavyofundishwa. Saa mbili asubuhi darasa lilikuwa na giza la madirisha yaliyopigwa misumari, na harufu ya watoto sitini. Uwanjani nilikuwa nimepita kwenye jogoo wa bati wa kuonyesha upepo, aliyepigiliwa misumari akitazama mashariki. Ukutani palichorwa kipimajoto kwa rangi ya mafuta, zebaki yake ikiwa kwenye ishirini na tatu.

"Mawingu ni aina ngapi?" aliuliza Mwalimu Vuli.

"Nneee, Mwalimu!"

"Yanapatikana wapi?"

"Ukurasa wa kumi na tisaaa!"

"Mvua hutoka wapi?"

"Sura ya pilii!"

Walikuwa watoto werevu. Mmoja alinieleza mzunguko wa maji kwa mchoro, kutoka baharini hadi mlimani, mishale yote ikiwa sawasawa, huku tone likimdondokea begani naye akilipisha kama mtu anayepisha mkubwa.

Kiangazi hakuwemo darasani. Alikuwa ameadhibiwa, na adhabu ya kuangalia nje ilikuwa kukaa nje. Nilimkuta barazani kwenye kigoda, miguu ameinyoosha hadi mahali mvua inapofikia, akihesabu mapovu kwenye dimbwi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe ndiye mwenye ruhusa ya kulowa?"

"Ndiye mimi."

"Una bahati. Mimi nalowa hivi hivi." Akauangalia mfuko wangu. "Wanasema una kopo. Naomba nilione."

Nililitoa. Nilikuwa nimekwisha kuzoea, nikaliweka sakafuni mdomo chini. Alilizunguka kwa macho, akainama hadi shavu likagusa saruji.

"Hili lina alama za rula ndani. La kwetu nyumbani halina. Lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Kupima mvua."

"Sasa likikaa hivi linapimaje?"

"Halipimi."

"Halafu umelibeba la nini, babu?"

Niliinama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimekwisha kufungwa. Mtoto aliona, akahamisha mazungumzo kwa adabu, akaniambia kwamba dimbwi limepanuka shubiri mbili tangu alipokaa. Nilimuuliza alijuaje juu ya mvua siku ya mtihani. Akaniambia. Nilicheka, kisha nikashtuka kwa kucheka, kwa sababu ilikuwa muda mrefu.

Jioni nilimwambia Mwalimu Vuli nitasema.

Baraza la Mitihani ya Anga lilikaa Alhamisi katika ukumbi wenye kuta nzuri na paa bovu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Shwari, mama wa makamo aliyekaa wima sana. Juu ya kiti chake palikuwa na tundu, na kila baada ya muda tone lilimpiga katikati ya pua. Hakujifuta hata mara moja, kwa kuwa kujifuta kungeingia kwenye kumbukumbu. Mshitaki alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Anga, Bwana Kipupwe. Siku hiyo, mvua na yote, joto lilikuwa la kubana kifua, lakini kwa mujibu wa Kitabu ulikuwa msimu wa baridi, kwa hiyo Bwana Kipupwe alivaa koti la sufu, skafu na glavu. Mwili wake ulifuka mvuke.

"Waheshimiwa," alianza, "kesi hii ni fupi. Jibu la mtoto huyu linafanana na nje neno kwa neno. Katika miaka arobaini ya ukaguzi sijawahi kuona mtu aliyenakili waziwazi namna hii."

Wajumbe waliguna.

"Kwa hiyo nje kulikuwa na mvua?" aliuliza Mwalimu Vuli, akisimama nusu.

"Sikusema hivyo. Nimesema jibu linafanana na nje. Nje palivyokuwa si suala letu."

"Kiangazi," alisema Mheshimiwa Shwari, "uliangalia dirishani?"

"Hapana, Mheshimiwa. Limepigwa misumari."

"Ulisikia bati?"

"Hapana. Kuna maranda."

"Basi ulijuaje?"

Mtoto alisimama akaikunja mikono nyuma. "Tone lilidondokea karatasi yangu kwenye swali la tatu. Nikalifuta. Likaja jingine, pale pale. Nikalifuta. Likaja la tatu. Nikaona huyu naye anataka kuandika, nikamwachia nafasi."

Ukumbi ulichangamka. Mjumbe mmoja alitaka bati la shule liitwe kujibu shtaka la kunong'ona. Mwingine alisema bati ni mali ya umma, haliwezi kushtakiwa, labda lisimamishwe kazi. Wa tatu aliuliza, likisimamishwa, darasa litaezekwa na nini, akaambiwa hilo ni la kamati nyingine. Bwana Kipupwe aliomba karatasi ya mtihani iletwe kama kielelezo. Ikaletwa. Tone lilikuwa limekwisha kukauka, limebaki duara la wino. Akalionyesha Baraza: "Kavu kabisa. Kama siku yenyewe."

Ndipo Mwalimu Vuli aliponiita.

Nilisimama na kibali changu mkononi. Nilisema kwamba Jumanne ilinyesha, kwamba nililowa kisheria, na kwamba viatu vyangu bado ni ushahidi. Bwana Kipupwe aliuliza mimi nimesoma wapi hata nipingane na miaka thelathini ya Bi Rasharasha.

"Sipingani naye," nilisema. "Mke wangu alikuwa mwalimu wa somo hili. Darasani kwake kulikuwa na kijana aliyeitwa Lugano, mchelewaji. Siku moja mke wangu aliliambia darasa zima: Lugano huchelewa siku tatu katika kila siku tano. Nimehesabu mwaka mzima, na hesabu ni sahihi. Hiyo ndiyo tabia yake, na nchi nayo ina tabia yake, ndiyo maana ikaitwa tabianchi. Haya, niambieni, leo Lugano yupo? Watoto wakaanza kupiga hesabu. Akawaambia, geuzeni shingo muangalie dawati lake. Huwezi kuita rejista kwa tabia."

Tone likampiga Mheshimiwa Shwari puani.

"Kitabu chenu ni kizuri," niliendelea. "Kinawaambia wakati wa kupanda, na mahali pa kujenga. Lakini hakiwezi kuwaambia ya leo, kwa sababu kimeandikwa na mtu aliyekuwa akitoka nje kila siku. Wastani unatokana na siku. Siku zenyewe ziko wapi?"

"Siku zipi?" aliuliza Mheshimiwa Shwari.

Nilitoa daftari la Tusekile. Sikuwa nimelifungua kwa miezi minane. Nikawaonyesha ukurasa wa mwisho wa mwaka uliotangulia, wa jumla na wastani, kisha nikawaonyesha kurasa zilizotangulia, za siku moja moja. "Kitabu chenu ni huu ukurasa wa mwisho. Lazima Bi Rasharasha aliacha na hizi nyingine."

Ziko, walisema. Ziko kwenye sanduku, chini ya kopo lake, katika chumba cha kumbukumbu. Hakuna aliyezifungua tangu msiba, kwa heshima.

Walijadili kwa saa nzima kama heshima inaruhusu kufungua. Mwishowe Mheshimiwa Shwari alisema kwamba heshima inaruhusu kupangusa vumbi, na kwamba daftari likifunguka wakati wa kupanguswa si kosa la mtu. Sanduku likaletwa. Madaftari ya miaka yote thelathini yalipanguswa kwa bidii hadi yakafunguka mwezi wa saba. Miaka mingine yote, tarehe kumi na moja ilikuwa sifuri. Mwaka wa kumi na saba Bi Rasharasha aliandika kwa mkono wake: Milimita arobaini na moja. Na pembeni, kwa herufi ndogo: Sikutegemea. Nimefurahi sana.

Mwalimu Vuli alipiga hesabu kwenye kiganja. "Arobaini na moja kwa thelathini. Moja na kitu. Chini ya mbili Kitabu huandika siku kavu." Kisha akasimama, safari hii akasimama kabisa, wala hakuangalia nyuma. "Waheshimiwa, kama kuangalia nje ni wizi, basi Bi Rasharasha aliiba kila siku kwa miaka thelathini. Nani ataandika hilo kwenye kumbukumbu?"

Hakuna aliyetaka kuliandika. Bwana Kipupwe alilegeza skafu. Wajumbe waliinamiana wakanong'ona kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Walikuwa na mambo mawili yasiyowezekana: kumtia hatiani Bi Rasharasha, au kukiri kwamba Jumanne ilinyesha.

Hatimaye Mheshimiwa Shwari alisoma uamuzi. Nauandika kama alivyousoma. "Baraza limeona kwamba mtoto hakuchungulia nje. Nje ndiyo iliyoingia darasani ikachungulia karatasi ya mtoto. Kiangazi hana hatia. Mvua, popote ilipo na kama ipo, inashtakiwa kwa kuingia kwenye chumba cha mtihani bila ruhusa."

Watu walipiga makofi. Mwalimu Vuli alikaa. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini Kiangazi alikuwa amenyoosha mkono.

"Sema, mwanangu."

"Mheshimiwa, mshtakiwa hatasikilizwa?"

"Mshtakiwa yupi?"

"Mvua. Mimi mlinisikiliza."

Bwana Kipupwe alifungua mdomo kupinga. Lakini alikuwa mtu wa sheria, na sheria ya nchi ile husema hakuna anayehukumiwa bila kusikilizwa. Nilimwona akiitafuta njia ya kupita asiione. "Ni kweli," alisema kwa shida. "Utaratibu unataka aitwe. Na akifika, maneno yake yaandikwe."

"Huja kwa nyakati zake," alisema mjumbe mmoja. "Tutajuaje amefika?"

Kwa hiyo Baraza liliazimia kwamba kila shule ifungue dirisha moja ili wito umfikie mshtakiwa. Kwamba liteuliwe kopo la kupokelea maelezo yake, nalo, kwa kazi hiyo tu, lisimame mdomo juu. Na kwamba kila siku saa tatu asubuhi karani atoke, apime alichosema mshtakiwa, aandike. Siku ambayo mshtakiwa hakusema kitu iandikwe hivyo hivyo, isije ikadaiwa kwamba hakuitwa. Kesi ikaahirishwa kwa miaka thelathini, ili ushahidi utoshe. Karani wa kwanza akawa Kiangazi.

Bwana Kipupwe ndiye aliyepiga mhuri. Kisha alivua koti, akalikamua mlangoni, maji yakajaza kiatu chake kimoja. Alinikuta namwangalia.

"Jasho," alisema.

Siku niliyoondoka nilipita shuleni. Jogoo wa bati alikuwa bado amepigiliwa misumari, maana upepo haukuwa umeshtakiwa. Lakini dirisha moja lilikuwa wazi, na vichwa sitini vilikuwa vimesongamana hapo vikipiga kelele, "Andika! Andika!" Kiangazi alikuwa uwanjani, amepiga magoti kwenye matope, rula ndani ya kopo la nyumbani kwao. Kitambaa cha kudariziwa alikuwa amejifunga kichwani.

"Babu! Milimita kumi na mbili!"

"Umesoma usawa wa jicho?"

"Nimelala kabisa!" Kweli, tumbo lilikuwa jeusi kwa matope. Akaukimbilia mfuko wangu, akautazama, lakini safari hii hakuuliza kitu.

Nilifika nyumbani tarehe kumi na tisa. Mwezi wa saba kwetu ni mkavu, hata vumbi la uwanjani huwa halina mahali pa kujificha. Kigingi kilikuwepo bado. Usiku nilipiga mistari kwenye ukurasa mpya wa daftari na kuandika tarehe hadi thelathini na moja, mwandiko wangu wa fundi ukiwa mnene baada ya mwembamba wa kwake.

Nafasi za kuanzia kumi na nane ya mwezi wa kumi na moja nimeziacha zilivyo. Jirani yangu alisema naweza kukisia, kwa kuwa alikumbuka mwezi wa kwanza ulikuwa na mvua nyingi. Nilimshukuru. Sikuangalia, kwa hiyo sijui, na Tusekile asingekubali niandike nisichokiona.

Asubuhi nililiweka kopo kwenye kigingi, mdomo juu. Saa tatu nilitoka na rula ingawa niliona toka mbali kwamba hakuna kitu, nikaizamisha mpaka ikagonga bati, nikainama usawa wa jicho. Kisha nikaandika: Tarehe ishirini, mwezi wa saba. Sifuri.